Nani Aliunguza Maharagwe

Somo la demokrasia, kwa mpango wa mwaka wa shule yetu, liliangukia kila mara katika mvua kubwa. Mvua ya Walikale ikipiga mabati, mwalimu hasikiki. Anaacha kusema, anaandika ubaoni, na wanafunzi wananakili. Kwa hiyo watoto wengi wa kijiji chetu, kilicho si mbali na Buleusa, wamejifunza demokrasia kwa kuinakili tu, bila kuisikia ikisemwa. Zamani nililicheka jambo hilo pamoja na walimu wenzangu. Siku hizi silicheki sana.

Niliandika yaliyomo kitabuni: kwamba nchi ni ya raia, kwamba kura ni siri ya mtu na moyo wake, kwamba sheria haimwogopi mkubwa wala haimwonei mdogo, kwamba wengi wakishinda, wachache hawafukuzwi kijijini. Mvua ikipungua nilifika kwenye kanuni niliyoipenda kuliko zote, kuwajibika, na hiyo nilikataa kuiandika mpaka niieleze kwa mdomo. Niliwaambia: mpishi akiweka maharagwe motoni akaenda kupiga soga kwa jirani, maharagwe yakaungua, nyumba nzima italala na njaa. Njaa hiyo inasameheka. Lisilosameheka ni mpishi kurudi na kusema ni kuni, ni chungu, ni mtoto aliyekuwa anacheza karibu. Kiongozi wa kweli husema, "Mimi niliunguza." Kisha niliuliza kwa sauti, "Nani aliunguza maharagwe?" na darasa zima likataja vyeo vya wakubwa wa nchi, mmoja baada ya mwingine, kwa furaha. Nilijiona mwalimu hodari.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, mke wangu atawaambia. Barabara ikikatika, nakasirika. Zahanati ikikosa dawa, nakasirika. Mwenye bunduki akimtoza mkulima kikapu cha mihogo yake mwenyewe, nakasirika mpaka chakula kinanishinda. Lakini hasira zangu zote zilitazama juu, kwa wakubwa, na anayetazama juu muda mrefu hujikwaa.

Ulipofika wakati wa kuandikisha wapiga kura, mashine zililetwa shuleni kwetu kwa pikipiki, zimefungwa kwa mipira ya matairi. Tulijihesabu wenye bahati. Upande wa Masisi kulikuwa na sehemu nyingi ambazo vita viliwazuia waandikishaji kufika, na waliokimbia kutoka huko walitutazama kwenye foleni yetu kama watu wasiokaribishwa karamuni. Nisidanganye lakini: si wengi wetu waliopanga foleni kwa ajili ya kuchagua. Katika nchi yetu kadi ya mpiga kura ndiyo kitambulisho pekee anachokuwa nacho mtu wa kijiji. Kila penye kizuizi barabarani, awe askari awe mwingine tusiyemtaja, neno la kwanza ni "Karte," yaani kadi. Wengi walijiandikisha ili wapite.

Mwandikishaji mkuu alitoka mbali. Alisema Kifaransa na Lingala, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji tu. Nikaitwa kumtafsiria. Siku ya mwisho alisimama juu ya kiti akatoa maagizo: msikunje kadi, msiiloweshe, na zaidi ya yote msiiweke penye joto, kwa sababu wino wake haustahimili. Agizo hilo lilikuwa muhimu kwetu. Watu wa hapa huweka kila kitu cha thamani juu ya uchaga wa jikoni, pale moshi unapofukuza mende: mbegu, nyama ya porini, hati ya ubatizo. Nilipaza sauti, nikatafsiri kwa maneno ya jikoni ili hata bibi vizee wasikie.

"Karte haipendi moto! Musiiweke karibu na moto!"

"Haipendi moto!" wakaitikia, na kucheka.

Nayakumbuka maneno hayo kwa sababu ni yangu. Sina mtu wa kumsingizia.

Sasa kuhusu mashine yangu mwenyewe. Nilikuwa na kibanda kando ya barabara, jirani na duka la mfanyabiashara mmoja wa Butembo, Mkatoliki wa kusali rozari kabla ya kufungua mlango. Kibandani niliandikia watu barua na kutoa nakala za hati. Mashine ya nakala ilikufa mapema kwa vumbi. Iliyobaki hai ni ile ndogo ya kuvika karatasi plastiki, niliyoitoa Goma nikiipakata magotini. Unatia karatasi katikati ya mfuko wa plastiki, unasubiri taa nyekundu iwe kijani, unaisukuma. Upande wa pili inatoka imeng'aa, ngumu, haiogopi mvua. Niliipenda mashine ile. Katika nchi ambamo kila kitu huoza, yenyewe ilizuia kuoza.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, nilisimama mbele ya kanisa nikatangaza kwamba nitamvikia plastiki kila mtu kadi yake, bure. Bure kabisa, kwa ajili ya nchi. Niliongeza na hotuba: kadi hii ni kipande cha nchi ulichopewa ukishike mkononi, anayekitunza anaitunza nchi. Watu walipiga makofi. Waliniletea kadi wakati onyo la mwandikishaji kuhusu joto na wino lilikwisha kunitoka kichwani. Au halikunitoka, ila nilidhani moto ni ule wa kuni, wa watu wasiosoma, na kwamba mashine ya Goma yenye taa ya kijani si moto. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi na bado sijui lipi ni kweli.

Wa kwanza mstarini alikuwa Mama jirani yangu. Mashamba yetu yanapakana. Mfereji wa maji ndio mpaka. Ni mjane, mkulima wa mihogo na mpunga, anasali Jumapili na hajaacha kumwaga pombe kidogo chini kwa ajili ya wazee wake kabla ya kupanda. Alikuwa ameifunga kadi katika ncha ya kikwembe chake, kitenge alichojifunga kiunoni. Aliifungua taratibu, akanionyesha picha.

"Ona, Mwalimu. Ni mimi. Sijashika foto yangu hata siku moja ndani ya maisha yangu."

"Uko mzuri, Mama."

"Acha uongo. Lakini ni mimi." Akaishika bado, hajanipa. "Zile kura zingine, marehemu alikuwa ananiambia namba, na mimi ninapiga ile namba. Alikuwa anakaa na karte yangu ndani ya mufuko wake. Mara hii nitapiga mwenyewe."

"Utampigia nani?" nilimtania.

"Hata weye sitakuambia. Si njo weye ulifundisha watoto kura iko siri? Mujukuu wangu alinisomea kitabu yake."

Nilifurahi mno. Miaka yote ya kunakilisha watoto katika kelele za mabati, na hapa palikuwa na mtu mzima ambaye somo lilimfikia. Kwa sababu hiyo, na kwa sababu alikuwa Mama, kadi yake niliipitisha mashineni mara mbili ishike vizuri. Wengine niliwapitishia mara moja tu. Ilipotoka ilikuwa ya moto, akaipuliza, akacheka, akaifunga tena kikwembeni.

Jioni ile niliivika na yangu.

Haukupita muda mrefu. Nilikuwa naitafuta kadi yangu kwa shughuli ya shule, nikaiona imebadilika. Uso wangu ulikuwa umepauka, macho yamebaki vitone viwili, na namba zimekuwa kama zimeandikwa kwa maziwa. Nilienda nayo hadi mlangoni penye mwanga. Nikaipangusa kwa shati, upumbavu gani ule, kupangusa kitu kilicho ndani ya plastiki. Kisha nikaenda dukani kwa jirani yangu wa Butembo nikamwomba anionyeshe yake. Aliitoa katika kopo la maziwa ya unga, haijavikwa chochote. Ilikuwa imefifia kidogo pembeni, lakini mtu alionekana, na namba zilisomeka zote.

Alizitazama kadi zote mbili, akanitazama mimi.

"Yangu haikupita kwa mashini," alisema polepole.

"Najua."

"Funga mudomo, Mwalimu. Batu watakuchoma na ile mashini yako." Akairudisha kadi katika kopo. "Na tena, karte zenyewe ni mbaya. Muzuri ingevumilia."

Hapo ndipo nilipopewa njia, nikaifuata. Ni kweli kadi zilikuwa dhaifu. Hata za wasiofika kwangu zilianza kufifia baadaye. Basi walipokuja kibandani, mmoja mmoja, kisha kwa makundi, wameshika plastiki ngumu nzuri zenye vivuli vya watu ndani, nilikuwa tayari na jibu. "Ni kazi ya Leta hiyo," nilisema, maana Leta ndivyo tunavyoiita serikali. "Wametuletea takataka." Nao wakaitukana Leta, nami nikaitukana pamoja nao kwa hasira ya kweli kabisa, sikulazimika kuigiza. Ajabu ya mtu ni hiyo. Nilikuwa na hatia na bado nilikasirika kwa haki.

Nilikwenda mbali zaidi. Nikaandika barua ya malalamiko kwa ofisi ya uandikishaji, kurasa tatu, kwa mwandiko wangu bora. Niliiweka humo kanuni yangu ya kuwajibika. Niliisoma mbele ya watu uwanjani na wazee walifuta machozi. Wakaweka vidole gumba vyao chini yake kwa wino wa bluu. Mama naye aliweka chake. Alikibonyeza muda mrefu, akinitazama, na nilidhani anavutiwa na ufasaha wangu. Jibu la barua halijaja mpaka leo.

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Methali hiyo niliwahi kuwapa wanafunzi kama zoezi la insha.

Binti wa mwisho wa Mama alikuwa ameolewa Rubaya, na mumewe alikuwa mbebaji, mmoja wa wale wanaoshusha magunia ya madini ya koltani kutoka vilimani kwa mgongo. Ikaja habari kwamba binti amekaribia kujifungua, mimba ya kwanza. Kwetu mama mzazi ndiye anayekwenda kumkanda binti yake kwa maji ya moto, kumpikia, na kumpokea mtoto. Si jambo la kutuma mtu. Mama alifunga unga wa mihogo na kuku mmoja, akaenda kwa miguu pamoja na wachuuzi.

Siku ya pili ya safari walifika kwenye kizuizi. Wachuuzi walitoa kadi zao wakapita. Yeye alitoa ya kwake. Alinisimulia mwenyewe, baadaye, bila kupandisha sauti.

"Yule mutoto wa bunduki aligeuza karte huku na huku. Akaniambia, 'Hapa haiko mutu.' Nikamwambia, mutu ni mimi. Akasema, 'Weye njo nani?' Nikamuambia jina yangu. Akasema, 'Jina kila mutu anaweza kusema.'"

Walimchukua kuku, na Mama mwenyewe wakamrudisha alikotoka. Alitembea siku mbili kurudi, akaja moja kwa moja kibandani kwangu kuniomba karatasi ya kumtambulisha. Nilimwandikia haraka, nikapiga muhuri wa shule. Alipita kwa karatasi ile. Lakini siku za kwenda na kurudi zilikwisha kupotea, na alipofika Rubaya binti alikuwa amejifungua mikononi mwa majirani, na mtoto alikuwa amezikwa.

Wapo waliosema mtoto yule asingeishi hata kama bibi yake angekuwepo. Mimi pia nilijisemea hivyo, kila siku, kama mtu anayemeza dawa. Nilikwenda kumpa pole. Nilikaa kwenye kigoda chake, nikala mihogo yake, na sikusema.

Kisha ikafika siku ya kupiga kura, na kituo kilikuwa darasani kwangu. Niliteuliwa miongoni mwa wasaidizi wa kituo kwa sababu ninasoma na kuandika na watu wananiamini. Madawati yalisogezwa ukutani. Ubaoni yalikuwa bado maneno yangu ya wiki ile, nusu yamefutwa: "raia", "siri", "sheria". Msimamizi wa kituo alitoka nje ya eneo letu, mtu mkavu, mwenye miwani, asiyekubali hata soda kutoka kwa mashahidi wa vyama. Nilimpenda mara moja. Ndiye mtu niliyekuwa nikimwombea katika kila somo.

Waliokuwa na kadi zilizofifia walipita, kwa sababu namba zao zilisomeka kwa kuinamisha kadi penye mwanga. Mama alikuja saa nne hivi, amevaa kikwembe cha Pasaka na amefunga kitambaa kipya kichwani. Alitoa kadi yake. Ilikuwa nyeupe yote. Nyeupe kabisa, kadi niliyoipitisha mara mbili kwa upendo.

Msimamizi aliinamisha, akaigeuza, akaishika penye dirisha. Alitafuta jina katika orodha. Wanawake watatu walilibeba jina lilelile, na hapakuwa na namba ya kuwatenganisha.

"Ninamjua," nilisema. "Ni jirani yangu."

"Mwalimu, hapa kila mutu anajua mwenzake," alijibu bila ukali. "Kujuana njo kunaharibisha hii inchi." Nilikaribia kumshangilia, lilikuwa jibu la kitabuni. Kisha akafikiri, akavua miwani. "Lakini sikia. Kama karte imeharibika kwa ajali, na mwenye kuiharibisha iko hapa, aseme. Nitaandika ndani ya ripoti, atatia sinyatiri ya mukono yake, na mama atapiga kura. Nani aliharibisha hii karte?"

Mashahidi wa vyama walikuwa na kalamu mikononi. Mstari ulifika hadi mlangoni, na ndani ya mstari ule nusu ya watu walishika plastiki zangu. Nilijua kwamba kuharibu kadi za wapiga kura kuna adhabu ya jela; niliwahi kuifundisha hiyo pia. Nilimwona mke wangu dirishani. Mama hakumtazama msimamizi. Alinitazama mimi, na uso wake haukuwa na hasira hata kidogo. Ulikuwa uso wa mtu anayesubiri chombo chake alichoazimisha.

"Zilitoka vile," nilisema. "Zilitoka kwao vile."

Msimamizi akatikisa kichwa, akamrudishia kadi yake. Mama akaifunga kikwembeni kama siku ile, akatoka kwa mlango alioingilia. Kidole chake hakikutiwa wino. Tuliendelea na kazi hadi jioni, na watu waliusifu utaratibu wa kituo chetu.

Nilivumilia siku kadhaa. Usiku sikulala, mchana nilifoka darasani bila sababu. Asubuhi moja nilivuka mfereji. Mama alikuwa anang'oa mihogo. Nilimsalimu, nikasimama kama mtoto aliyeitwa na mkuu wa shule, na kabla sijatafuta maneno aliniuliza yeye.

"Mwalimu, siku ile mugeni alikuwa anaongea na weye unageuza maneno, ulitwambia nini?"

"Nilisema mtunze kadi, Mama."

"Ulisema karte haipendi moto." Akang'oa shina jingine, akapangusa udongo. "Na mashini yako ilikuwa ya moto. Niliishika karte, nikaipuliza. Mimi siko mutoto."

Nilikaa juu ya tuta.

"Ulijua toka mwanzo? Sasa mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangojea weye useme. Kila siku niliamuka, nikasema: leo atasema. Niliporudi toka kule kwa barieri nikasema: leo. Kwa kilio nikasema: leo. Pale kwa biro ya kura, nikasema: sasa njo atasema, maana ameulizwa." Alipanga mihogo ndani ya kikapu, mikubwa chini. "Ile siku ulisoma barua ya kushitaki Leta, batu walilia. Mimi nikasema ndani ya roho: kumbe Leta iko hapa jirani. Tunapakana nayo shamba."

Nililia. Sioni aibu kuandika hivyo. Nilimwomba msamaha, na akaniambia msamaha wake nimeupata zamani, lakini kadi si zake peke yake; niende nikawaambie wenye kadi. Kisha akaniomba nimtwike kikapu, nikamtwika.

Jumapili iliyofuata kulikuwa na mkutano uwanjani mwa shule. Kura zilikuwa zimekwisha, lakini vizuizi havijaisha, na watu bila kadi walikuwa wanarudishwa njiani au wanalipishwa. Ilipasa kuunda kamati ya kwenda Walikale mjini kudai kadi mpya. Mvua ilikuwa inatishia. Nilisimama kabla ya wote. Nilikuwa nimeyapanga maneno usiku kucha, na yaliponitoka yalikuwa machache.

"Ndugu zangu, maharagwe niliyaunguza mimi. Mwandikishaji alisema kadi haitaki joto. Nilizitia katika mashine ya moto. Ni mimi."

Nilifumba macho nikisubiri jiwe la kwanza. Nikasikia mtu anacheka kwa upole, na alikuwa yule jirani yangu wa duka.

"Munamusikia Mwalimu?" alisema, amesimama. "Hii roho yake itamuua. Anataka kubeba zambi ya Leta juu ya kichwa yake! Karte yangu haikuingia ndani ya mashini, na yenyewe inafutika. Ona!" Akaitoa kwenye kopo, akaizungusha hewani. Ilikuwa imefifia kweli, zaidi ya siku ile.

"Leta njo iliharibisha!" mwanamke mmoja alipiga kelele.

"Weye ulitufanyia bure, Mwalimu! Nani mwingine alitufanyia kitu bure?"

"Mutu wa kusema namuna hii njo tunataka atuongoze!"

Nilijaribu tena. Naapa nilijaribu mara moja zaidi, nilisema, "Hapana, nisikilizeni." Lakini waliniwekea mikono mabegani, walinipa maji, na mzee mmoja alinikumbatia mbele ya wote. Nilisikia mwilini mwangu raha ya mtu aliyetua mzigo bila kuulipia. Raha ile ilikuwa tamu. Sikuikataza. Walipotaja jina langu kuwa prezidenti wa kamati, sikusema neno.

"Wenye kukubali, munyooshe mukono!"

Mikono ilipanda uwanja mzima. Niliipitia kwa macho, safu kwa safu, kwa mazoea ya mwalimu anayehesabu wanafunzi, mpaka nikamfikia Mama. Alikuwa ameketi kwenye jiwe karibu na mlango wa darasa. Mikono yake yote miwili ilikuwa magotini, juu ya kikwembe. Watu wa kandokando yake walimgusa kwa kiwiko, wakidhani hakusikia. Hakuiinua.

"Wenye kukataa?" mtu aliuliza kwa utani, na watu wakacheka.

Akanyoosha mmoja. Aliunyoosha wote, hadi bega, akakaa nao hewani mpaka kicheko kikaisha. Hakuna aliyemzomea; walimhurumia tu, mjane aliyefiwa na mjukuu, labda akili imechoka. Mvua ikaanza, watu wakatawanyika wakikimbia, wakinipongeza huku wanakimbia.

Alipita karibu nami bila haraka, amejifunika kichwa kwa jani la mgomba.

"Mwalimu," alisema, "leo nimepiga mwenyewe."

Kamati bado ipo. Prezidenti wake ni mimi.